Tundu Lililobaki Wazi: Kutambua Bolti Iliyopungua Giaboksi Inapofungwa Upya

Chama cha msingi chenye Land Rover ya zamani hulitegemea gari hilo zaidi wakati barabara ni mbovu na mazao yanasubiri kuchukuliwa. Giaboksi ikifunguliwa wakati kama huo, kila mtu huwa na haraka: fundi anataka kumaliza kazi, katibu anataka gari liondoke, na wanachama wanataka mizigo yao ifike. Ndipo hutokea jambo linalofahamika kwa mafundi wote: kasha limekwisha kufungwa, kopo la bolti ni tupu, na tundu moja limebaki wazi. Mara nyingi hutafutwa bolti yoyote inayoelekea kulingana na tundu hilo, ikakazwa, na gari likaondoka. Yafaa makatibu na wanachama waelewe kwa nini desturi hiyo ni ya hatari, na ni njia ipi ya kufuata badala yake.

Je, kweli kuna bolti iliyopungua?

Si kila tundu tupu limekosa bolti yake. Chini ya kasha la klachi la Land Rover, mahali injini inapoungana na giaboksi, kuna tundu lenye hesi ambalo huachwa wazi kwa makusudi. Kizibo chake hufungwa pale tu gari linapotakiwa kupita katika maji mengi, kisha huondolewa tena. Sababu yake ni kwamba oili inayovuja kwenye sili ya nyuma ya injini, au sili ya mbele ya giaboksi, hutokea hapo na kudondoka chini. Tundu hilo likizibwa siku zote, oili hujikusanya ndani, huifikia klachi, na klachi huanza kuteleza. Hivyo fundi anayeliziba akidhani kuwa anasahihisha kosa, huwa ndiyo kwanza analitenda.

Tundu lililokuwa na bolti hutambulikana kwa alama zake. Washa iliyokazwa kwa muda mrefu huacha duara safi juu ya alumini, na nje ya duara hilo huwapo vumbi na oili iliyoganda. Kwa hiyo kasha litazamwe vizuri kabla ya kuoshwa, kwa kuwa kuoshwa huondoa ushahidi huo.

Bolti ya kwanza iko wapi?

Ikithibitika kwamba bolti imepungua, swali la kwanza si wapi itapatikana nyingine, bali ile ya kwanza imekwenda wapi. Bolti iliyoangukia ndani ya giaboksi yaweza kunaswa kati ya gia mbili zinazozunguka, ikavunja meno yake au kupasua kasha. Oili isitiwe, wala gari lisiwashwe, mpaka ndani kumechunguzwa kwa kurunzi na kwa sumaku iliyofungwa kwenye waya. Sumaku haivuti alumini ya kasha, lakini huvuta gia pia. Kwa hiyo ipitishwe polepole chini ya kasha, na macho yaifuate.

Bolti zinazofanana lakini si sawa

Land Rover zilianza kuonyeshwa hadharani mwaka 1948. Magari ya awali yalitumia hesi za Kiingereza, yaani Whitworth na BSF, ambazo pembe ya meno yake ni digrii 55. Baadaye zilikuja hesi za UNF na UNC, zenye pembe ya digrii 60, na mwishowe hesi za milimita. Mabadiliko hayo hayakufanyika kwa siku moja, na gari moja laweza kuwa na hesi za aina zaidi ya moja. Tena magari mengi ya zamani yamekwisha kutiwa sehemu zilizotoka katika magari mengine.

Zichukuliwe kwa mfano bolti tatu: BSF ya inchi 5/16, UNF ya inchi 5/16, na M8 ya milimita. Unene wa zile mbili za kwanza ni karibu milimita 7.94, na wa M8 ni milimita 8. Kichwa cha UNF kwa kawaida kina upana wa milimita 12.7, cha M8 milimita 13, na cha BSF karibu milimita 13.3. Spana iliyochakaa yaweza kuzishika zote tatu. Lakini BSF hiyo ina meno 22 kwa kila inchi, UNF ina 24, na M8 ya kawaida ina karibu 20. Bolti isiyo yake huingia mizunguko miwili au mitatu kwa vidole, kisha hukataa. Fundi akidhani ni kutu na kuilazimisha kwa spana, chuma hukata meno ya alumini, na tundu huharibika.

Kupima tundu

Kazi ianze kwenye tundu, si kwenye kopo la bolti kuukuu. Hatua zake ni hizi:

1. Tundu lisafishwe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha likaushwe.

2. Ichukuliwe bolti moja ya jirani katika safu ile ile, ijaribiwe kwa vidole tu. Ikiingia kwa wepesi mpaka ndani, yaelekea hesi ni moja. Ikikataa, isilazimishwe.

3. Bolti mpya inayopendekezwa ilazwe ubavuni mwa ile ya jirani, meno kwa meno, na zote zielekezwe kwenye mwanga. Meno yakikaa ndani ya mengine kwa urefu wote, idadi yake ni sawa. Mwanga ukipenya baada ya meno machache, bolti hizo si za aina moja. Jaribio hili halionyeshi pembe: Whitworth na UNC za inchi 5/16 zote zina meno 18 kwa inchi, ingawa pembe zake ni mbalimbali. Hapo kipimo cha hesi ndicho kitakachoamua.

4. Urefu upimwe kwa kuingiza waya mwembamba mpaka mwisho wa tundu, kupitia sehemu inayofungwa. Bolti fupi mno hushika meno machache na kuyang'oa. Katika alumini, sehemu inayoingia kwenye hesi yafaa isipungue mara moja na nusu ya unene wa bolti, yaani milimita 12 kwa bolti ya milimita 8. Bolti ndefu mno hugota chini ya tundu, ikaonekana imekaza ilhali haikubana kitu, au ikapasua kasha. Tundu likiwa limetoboka hadi ndani, bolti hiyo yaweza kuifikia gia.

5. Jibu lihakikishwe katika kitabu cha vipuri, kwa kufuata namba iliyopigwa kwenye giaboksi yenyewe na si namba ya gari peke yake.

Wajibu wa katibu

Bolti moja ni kitu cha thamani ndogo. Lakini tundu lililoharibika hutaka kutobolewa upya na kutiwa hesi mpya ya waya wa chuma, kazi inayohitaji zana maalumu. Na kasha lililopasuka ni hasara itakayolipwa kwa fedha za wanachama. Kwa hiyo katibu asimhimize fundi kufunga kwa bolti ya kubahatisha. Gari lingoje siku moja.

Lililo bora zaidi ni kujikinga mapema. Kabla ya giaboksi kufunguliwa, umbo la kasha lichorwe juu ya kipande cha boksi gumu, kitobolewe kila palipo na bolti, na kila bolti ichomekwe mahali pake inapotolewa. Idadi yake iandikwe katika daftari la gari, na fundi na mtunza bohari watie sahihi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini katika giaboksi, anayeziba tundu bila kulijua ndiye atakayeujenga ukuta huo.