Mstari mmoja unaoweza kuvuruga wimbo wa kwaya

MWALIMU wa kwaya mjini Mtwapa anayetaka kuwagawia waimbaji wake wimbo mpya ana njia nyepesi siku hizi. Huuchapa kwa sol-fa katika tarakilishi, kisha akautuma kwa simu.

Noti zenyewe hazimsumbui, kwani ni herufi saba tu: d, r, m, f, s, l na t. Tatizo huanza anapotafuta kitufe cha kuandikia mstari wima unaotenganisha kipimo kimoja na kingine.

Wapo wanaochapa herufi l, wengine I kubwa, wengine tarakimu 1, na wengine mkwaju (/). Kwa macho, alama hizo hukaribiana. Kwa mwimbaji, tofauti yake ni kubwa, kwa sababu l katika sol-fa ni noti ya la. Anayekutana na "l l :d" hawezi kujua kama aimbe la mara mbili au kama mojawapo ni mstari.

Kosa hili lina historia. Mfumo wa sol-fa ulienezwa na John Curwen, kasisi wa Uingereza, kuanzia miaka ya 1840, akiendeleza kazi ya mwalimu Sarah Glover wa Norwich. Wamishonari waliuleta Afrika, na ukashika mizizi makanisani na shuleni kwa kuwa hauhitaji karatasi yenye mistari mitano.

Hata hivyo, mashine nyingi za taipu hazikuwa na kitufe cha mstari wima. Wachapaji walilazimika kuazima alama nyingine, na mazoea hayo yakahamia kwenye tarakilishi, ingawa kibodi za kisasa zina mstari huo (|), aghalabu kwenye kitufe kimoja na mkwaju wa nyuma.

Mstari wa kipimo si pambo. Humwonyesha mwimbaji pigo linalobeba uzito, nalo ni lile linaloufuata mstari. Nukta mbili (:) hutangulia pigo jepesi. Katika wimbo wa mapigo manne, Curwen aliweka pia mstari mfupi katikati ya kipimo, kuashiria pigo la tatu ambalo uzito wake ni wa wastani.

Kwa Kiswahili, uzito huo unaweza kubadili maana. Neno "barabara" likitiliwa mkazo kwenye silabi ya tatu ni njia ya kupitia magari. Mkazo ukiwa kwenye silabi ya pili, maana yake ni sawasawa. Mtunzi anayekusudia njia ataandika "bara | bara", na anayekusudia sawasawa ataandika "ba | rabara". Mstari ukihama silabi moja, kwaya nzima huimba neno lingine.

Jambo hili lina uzito zaidi katika mji kama Mtwapa, ambako watu wa lugha mbalimbali za mama hukutana katika kwaya moja na kuimba kwa Kiswahili.

Kosa la pili la kawaida ni kutumia | kwa mstari mrefu na mfupi pia. Kipimo kimoja cha mapigo manne hugeuka viwili vya mapigo mawili. Mwalimu akisema "tuanze kipimo cha tisa", mwenye nakala hiyo hana budi kwenda cha 17, la sivyo ataanza mahali pengine kabisa. Dawa yake ni kuupa mstari mfupi alama yake, kwa mfano alama ya mshangao:

| d :r ! m :f | s :l ! s :- ||

Hapa | ni mwanzo wa kipimo, ! ni katikati, : ni pigo jepesi, kistari ni kuendeleza sauti, na || ni mwisho wa wimbo.

Anayehama kutoka sol-fa kwenda kwenye programu za kuchapa noti za mistari mitano anapaswa kujihadhari zaidi, kwani alama zile zile hubeba maana nyingine. Katika mfumo wa ABC, ulioanzishwa na Chris Walshaw, |: hufungua sehemu ya kurudiwa, :| huifunga, na |] humaliza wimbo. Katika sol-fa, nukta mbili zisizofuatwa na noti huashiria kimya. Hivyo "d :|" kwa mwanakwaya ni do kisha pigo moja la kunyamaza, ilhali kwa ABC ni amri ya kurudia.

Programu ya LilyPond nayo huandika mwisho wa wimbo kwa |. na mrudio kwa .|: na :|. kuanzia toleo la 2.18 la mwaka 2013. Kabla ya hapo mrudio uliandikwa bila nukta ya ziada, hivyo faili za zamani huhitaji kurekebishwa. Kwa wanaochapa nyimbo za Gregori kwa programu ya Gregorio, nukta mbili ndizo mstari wenyewe wa kutenga sehemu za wimbo.

Tangu mwaka 2001, orodha ya kimataifa ya herufi, Unicode, ina alama maalumu za mistari ya muziki. Ubaya wake ni kwamba fonti nyingi hazinazo, na mpokeaji huona kisanduku kitupu. Kwa ujumbe wa simu, alama za kibodi ya kawaida zingali salama zaidi.

Mchapaji basi azingatie mambo manne. Asitumie herufi wala tarakimu badala ya mstari. Kila kazi iwe na alama yake moja, isiyobadilika hadi mwisho. Atumie fonti yenye herufi za upana sawa, kama Courier New, ili sauti zote nne zilingane wima, na atume nakala ya PDF ili mpangilio usivurugike njiani. Mwisho, aeleze alama zake juu ya ukurasa wa kwanza.

Maelezo hayo ni mstari mmoja tu wa maandishi, lakini humwezesha mwimbaji ambaye hajawahi kukutana na mchapaji kuuimba wimbo kama ulivyokusudiwa.