Huygens: chombo kilichozungushwa ili kisiungue



Mwaka wa kwanza, prof wa fizike alituandikia ubaoni somo la vitu vyenye kuzunguka. Tuliikariri ile formule, tukapita mtihani, tukasahau. Mimi niliielewa nyuma sana, siku nilisoma habari ya Huygens.

Iko hivi. Huygens ni chombo cha Ulaya kilichobebwa na Cassini, chombo cha Marekani, kutoka duniani mwaka 1997 mpaka kwenye sayari ya Zohali. Tarehe 25 Desemba 2004 wakaachana. Huygens ilibaki na siku 20 za kwenda peke yake mpaka Titan, mwezi mkubwa wa Zohali. Haikuwa na injini ya kujirekebisha njiani.

Shida ni gani? Ingeingia kwenye hewa ya Titan kwa mwendo wa kilomita 6 hivi kwa sekunde, na ngao ya kuzuia moto iko upande mmoja tu. Ikifika imegeuka, inaungua. Safari ya miaka 7 inaishia hapo.

Dawa yake ilikuwa rahisi: wakati wa kuiachia, springi ziliisukuma huku zikiizungusha, mara 7 hivi kwa dakika.

Jaribu mwenyewe. Shika gurudumu la baiskeli kwa ekseli, mikono miwili. Likiwa limetulia, unaligeuza unavyotaka. Rafiki alizungushe kwa nguvu, ujaribu tena: linakukatalia. Kitu chenye kuzunguka kinashikilia upande ambao ekseli yake inaangalia, mpaka nguvu ya nje ikilazimishe. Na kule kwenye utupu, nguvu hizo ni ndogo sana.

Lakini angalia, si kila mzunguko unasaidia. Mwaka 1958 satelaiti Explorer 1, nyembamba kama kalamu, ilizungushwa kama kalamu inayoviringika mezani. Antena zake zilichezacheza, zikala nishati polepole, mwishowe ikawa inapinduka kichwa kwa miguu. Chombo kikipoteza nishati ndani yake, kinajitafutia mzunguko wa upana. Ndiyo maana Huygens, yenye ngao ya mita 2.7, ilizunguka kama sahani.

Tarehe 14 Januari 2005 ikaingia ngao mbele, parashuti zikafunguka, ikatua nzima na kuendelea kutuma habari kwa zaidi ya saa 1.

Basi wewe uliye mwaka wa kwanza, ile formule usiikariri tu. Tafuta gurudumu.