Spika Kuukuu Hazinunuliwi kwa Wati

Ndugu msomaji, makala ya leo yanahusu spika. Naharakisha kueleza kwamba simkusudii Mheshimiwa Spika wa Baraza la Wawakilishi, ambaye shughuli zake huandikwa katika kurasa nyingine. Nakusudia yale masanduku ya mbao yatoayo sauti, na hasa yale makuukuu yaliyoundwa katika miaka ya 1960, 1970 na 1980, ambayo hushushwa visiwani pamoja na makochi, mafriji na baiskeli zilizotumika kutoka Japani, Ulaya na Dubai.

Wako wanaoona kwamba jambo hili ni la anasa na halistahili nafasi gazetini. Ningekubaliana nao lau spika hizi zingekuwa zinaishia katika vyumba vya watu binafsi. Ukweli ni kwamba zinanunuliwa pia na kumbi za mitaa, vikundi vya taarab, skuli na madrasa, tena kwa fedha za michango: elfu moja ya mama muuza maandazi, elfu mbili za mvuvi. Fedha za namna hiyo ni amana, na mwenye kuzishika hana ruhusa ya kusema kwamba hakujua.

Nami nasema haya kwa sababu niliwahi kuzishika na sikujua. Miaka kadhaa iliyopita kamati ya ukumbi wa mtaa wetu, ambayo mimi nilikuwa katibu wake, ilinunua jozi ya spika kubwa za Kijapani zenye wufa ya inchi 12. Bei ilikuwa nafuu na mbao zilikuwa bado zinang'ara. Pamoja nazo tulichukua amplifaya, Kijapani vilevile, nzito kama gunia la mchele, yenye taa za rangi ya chungwa zilizotupendeza sote. Hakuna hata mmoja wetu aliyeigeuza kuitazama mgongo. Tulipoichomeka ukumbini ilinguruma kidogo, ikatoa harufu ya kuungua, na fyuzi ya ukumbi ikakatika. Nyuma yake palikuwa pameandikwa kwa herufi zisizofichika: volti 100.

Yafaa ieleweke kwamba umeme wa majumbani nchini Japani ni wa volti 100, ilhali wetu ni wa volti 230. Chombo kilichotengenezwa kwa matumizi ya Wajapani wenyewe hakina kinga dhidi ya umeme wetu. Vile vilivyotengenezwa kuuzwa nje aghalabu huwa na kiteuzi nyuma, kinachogeuzwa kwa bisibisi kutoka 110 au 120 kwenda 220 au 240. Kisichokuwa nacho hapana budi kipewe transfoma ya kushusha umeme, na uwezo wa transfoma hiyo uzidi kile ambacho amplifaya inakula. Mwenye duka aliyetuuzia hakulisema hilo, wala sisi hatukuuliza.

Kosa la pili lilizaliwa na hofu ya lile la kwanza. Kamati ilikutana, tukaazimia kwamba safari hii hatutaki kitu cha kale, tukanunua amplifaya ndogo, mpya, ambayo juu ya sanduku lake pamechapishwa wati 1000. Ilifanya kazi vizuri kwa majuma mawili. Siku ya mahafali ya watoto wa skuli ukumbi ulijaa, kijana aliyekuwa akiisimamia akaifungua hadi mwisho, na sauti ikawa kali kama bati linalokwaruzwa. Kufika saa nne ya usiku twita zote mbili zilikuwa kimya.

Nilizichukua spika hizo kwa fundi mmoja mzee wa Ng'ambo, aliyekwisha kutengeneza redio na gramafoni tangu mimi sijaanza chuo. Alizipima, akatikisa kichwa.

"Ndugu Katibu," akasema, "spika hizi hazikufa kwa nguvu nyingi. Zimekufa kwa nguvu chache."

Nilidhani ananifanyia mzaha. "Mzee wangu," nikamwambia, "amplifaya ni ya wati elfu moja."

Akaigeuza, akanionyesha kibati cha nyuma kinachoeleza umeme unaotumiwa na chombo. Palisomeka wati 60. "Anayekula sitini," akauliza, "atatoaje elfu?"

Hesabu hiyo haihitaji chuo kikuu, na ningeomba kila mjumbe wa kamati ya manunuzi aihifadhi. Namba kubwa zinazochapishwa juu ya masanduku ni namba za biashara. Namba yenye maana ni ile ya wati ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo, katika kila upande, kwenye spika ya omu zilizotajwa. Kama namba hiyo haikutajwa, kibati cha nyuma kitakupa angalau mpaka ambao haiwezi kuuvuka.

Ama kuhusu namna nguvu chache zinavyoua, fundi alinichorea mawimbi juu ya karatasi ya sukari. Sauti inapopita katika amplifaya huwa ni wimbi linalopanda na kushuka kwa mviringo. Amplifaya inapodaiwa kuliko ilichonacho, hukata vichwa vya mawimbi hayo, na kilichokuwa kilima kikawa ukuta. Mkato huo huzaa sauti kali za juu ambazo mwimbaji hakuziimba, nazo huelekezwa kwenye twita. Koili ya twita imesukwa kwa waya mwembamba kama unywele. Hupata moto, hukatika. Amplifaya kubwa inayoendeshwa kwa kiasi ina usalama zaidi kuliko ndogo inayolazimishwa kupiga kelele.

Baada ya hapo nilianza kuyasoma mambo haya, na nikagundua kwamba wati, ambazo ndizo tunazoziulizia sote dukani, ni namba ya mwisho kwa umuhimu. Mbele yake kuna omu, ambazo ni kipimo cha ukinzani wa spika dhidi ya umeme, na desibeli, ambazo hueleza spika inatoa sauti kiasi gani kwa wati moja ikisikilizwa umbali wa mita moja.

Nitatoa mifano miwili mashuhuri. Shirika la Utangazaji la Uingereza, yaani BBC, ambalo Idhaa yake ya Kiswahili ilianza mwaka 1957, lilikuwa na wahandisi wake waliojiundia spika za kazi. Katika miaka ya 1970 walibuni kijisanduku kinachoitwa LS3/5A, chenye urefu wa sentimita 30 hivi, kwa ajili ya kusikilizia ndani ya magari ya matangazo ya nje, ambamo spika kubwa hazina pa kukaa. Viwanda kadhaa vya Uingereza vilipewa leseni ya kukitengeneza, na leo kinasakwa duniani kote kwa bei ya kushangaza. Toleo la mwanzo lilikuwa la omu 15, na ukali wake ni desibeli 82 au 83 tu. Maana yake ni kwamba kinakula umeme bila ya kupaza sana. Spika ya desibeli 82 inahitaji wati 40 ili isikike sawa na ya desibeli 91 inayotumia wati 5, kwa sababu kila desibeli 3 zinazopungua hutaka nguvu mara mbili. Fauka ya hayo, amplifaya ya transista inayotoa wati 50 kwenye omu 8 hutoa takriban nusu yake kwenye omu 15.

Je, ni spika mbaya? Hasha. Katika chumba cha nyumba ya Mji Mkongwe, ambacho upana wake ulipangwa na urefu wa boriti za mikoko, yaani mita tatu au pungufu, sidhani kuna spika iliyo bora kuliko hiyo kwa sauti ya binadamu. Ukiipeleka ukumbini umeidhulumu.

Mfano wa pili unatoka Marekani. Mwaka 1954 kampuni ya Acoustic Research, ambayo Edgar Villchur alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, ilitoa spika ya AR-1 iliyofungwa pande zote, ambayo hewa iliyomo ndani ya sanduku ndiyo springi inayoirudisha koni mahali pake. Ndiyo sababu sanduku la wastani liliweza kutoa besi ambayo kabla ya hapo ilihitaji kabati zima. Mwaka 1967 ikafuata AR-3a, ya inchi 12 na omu 4. Omu zikipungua, mkondo wa umeme unaotakiwa huongezeka, na amplifaya iliyotengenezwa kwa omu 8 na kuendelea hupata moto ikaungua. Kijana wa ukumbini akiunga jozi mbili za spika za omu 4 kwa pamoja, kila upande unabakia na omu 2, na hapo mafundi huanza kupata riziki. Spika mbili za omu 8 zikiungwa hivyo huwa 4. Zikiungwa kwa kufuatana huwa 16. Tanga la jahazi halitwekwi kwenye dau, na dau vilevile halivuti jahazi.

Katika spika hizo hizo za AR kuna funzo jingine, nalo ndilo lililonifanya niwaelekeze macho watendaji wa idara za serikali. Wufa zake za baadaye zilitiwa ukingo wa sponji, ule mviringo laini unaoishikanisha koni na chuma chake, na viwanda vingi vikafanya hivyo katika miaka ya 1970 na 1980. Sponji hiyo huoza ndani ya miaka 20 hivi, na katika joto na unyevu wa pwani huoza mapema zaidi. Ukiigusa kwa kidole hupukutika kama mkate mkavu. Ukingo wa mpira au wa kitambaa hudumu zaidi sana.

Nimewahi kuingia katika ghala la taasisi moja ya umma nikakuta spika nne nzito, za kazi nzuri, zimewekwa upande wa vitu vya kuondoshwa, na kikaratasi kimeandikwa "mbovu". Nilizichunguza: kilichoharibika ni sponji tu. Sumaku zilikuwa nzima, koili nzima, mbao nzima. Ukingo mpya hubandikwa kwa gundi na fundi mwenye subira kwa kazi ya siku moja. Sijui waliotia saini waliongozwa na nani, lakini najua kwamba katika orodha ya manunuzi ya mwaka ule paliombwa spika mpya, na sifa pekee iliyotajwa ilikuwa ni "zenye nguvu". Mwenye kuomba zabuni kwa neno hilo asishangae akiletewa wati elfu za karatasi.

Anayekwenda dukani kununua spika kuukuu achukue mita ya umeme, betri ya volti moja na nusu, na muziki anaoujua kwa moyo. Avue kitambaa cha mbele auguse ukingo. Aisukume koni kwa vidole vyote, taratibu. Ikikwaruza, koili imepinda. Spika ya omu 8 ikipimwa kwa mita huonyesha kiasi cha 6, na ya omu 4 huonyesha 3 au zaidi kidogo. Mita isipotikisika, waya umekatika ndani. Asidanganyike kwamba kipimo hicho kimemthibitishia twita, kwa kuwa twita hukaa nyuma ya kapasita na mita haiifikii. Twita hupimwa kwa sikio, spika moja baada ya nyingine. Betri ikiguswa kwa nukta moja, chanya kwenye nyekundu, koni hutoka nje katika spika nyingi (baadhi ya JBL za zamani hufanya kinyume). Muhimu ni kwamba zote mbili zifanye jambo moja. Zikipishana, besi hupotea, na watu huilaumu amplifaya. Atazame pia chini ya sanduku, maana mbao za vumbi hufura zikipata maji, na mchwa wetu hawabagui bidhaa ya Yorkshire na ya Yokohama.

Amplifaya nayo iwashwe kwanza bila ya spika, mita ikiwa kwenye matundu ya kutokea. Kikionekana kiasi kinachozidi milivolti 50 hivi, isiungwe mpaka fundi aitazame. Amplifaya inayovuja volti kadhaa za mkondo mnyoofu inaweza kuunguza wufa kabla mtu hajaona moshi. Vishikio vinavyokwaruza si aibu, hewa ya bahari imeviingia kutu na vinasafishika.

Mtu ataniuliza taabu yote hii ni ya nini ilhali simu ya mkononi inapiga muziki. Nilimpa jibu mjumbe mmoja wa kamati kwa kumkalisha nyumbani kwa fundi na kumwekea kanda ya zamani ya taarab. Alikuwa ameusikia wimbo ule maisha yake yote. Aliniambia kwamba hakuwahi kujua kuwa chini ya fidla kulikuwa na besi inayotembea.

Spika za ukumbi wetu zilitiwa twita nyingine, za omu na desibeli zinazolingana na zile zilizokufa. Amplifaya tuliyoipata safari ya tatu ni kuukuu, ina wati 60 kila upande kwenye omu 8, na kiteuzi chake kimeelekezwa 240. Fundi aliandika hayo yote kwa rangi nyeupe mgongoni mwa kila sanduku, na mimi nikayaandika katika daftari la mali. Mwaka jana kikundi cha mtaa wa pili kiliomba kuziazima kwa usiku mmoja wa harusi. Kamati ilikubali, nami nikafuatana nazo, mita mfukoni, nikakaa nyuma ya jukwaa mpaka bibi harusi akatolewa.