Majina Tunayowaita Wenzetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Wiki hii tumeona tuzungumze na familia zetu juu ya jambo jepesi ulimini lakini zito mizanini: majina tunayowaita watu kwa ajili ya asili yao, kabila lao, kazi yao au maumbile yao.

Mwenye kukaa barazani Kibokoni au Kuze baina ya alasiri na magharibi atayasikia mengi. "Yule mbara wa dukani." "Kile kiwete cha pembeni." "Mwambie boi alete maji." Huenda msemaji hakukusudia uovu wowote, ndivyo alivyowasikia wakubwa wake wakisema. Lakini aliyetajwa naye ana masikio, na watoto waliokaa chini ya baraza wana masikio zaidi.

Wako wanaosema kwamba kuchagua maneno namna hii ni desturi ya Wazungu, na kwamba zamani watu wakitaniana wala hapana aliyekasirika. Jawabu letu ni kuwa amri hii haikuja kwa meli kutoka Ulaya. Imo katika Suratul Hujurat, aya ya 11, inayokataza wanaume kuwadharau wanaume wenzao na wanawake kuwadharau wanawake wenzao, kisha ikakataza watu kuitana kwa lakabu mbaya. Abu Dharr (r.a.), pamoja na daraja yake, alipomwaibisha mtu kwa mama yake, Mtume (S.A.W.) alimwambia kuwa ndani yake bado mna ujahilia. Naye Mtume alimbadilisha jina mwanamke aliyeitwa Asiya, kwa maana ya muasi, akamwita Jamila.

Kisiwa chetu kimejengwa na watu wa asili nyingi: Thenashara Taifa, Waarabu wa Omani na wa Hadhramaut, Mabaluchi, Mabohora, Wabajuni, Wadigo, Wagiriama, na waliokuja kutoka bara kwa kazi za reli na bandari. Kila kundi lilipewa jina na wenziwe, na si kila jina lilipendwa na aliyepewa. Jirani zetu wa miji tisa waliitwa na watu wa pwani Wanyika, yaani watu wa porini. Katika miaka ya 1940 walijichagulia wenyewe jina la Mijikenda, na leo mtu mwenye adabu hawaiti vingine. Vivyo hivyo Wabajuni wengi hawapendi kuitwa Wagunya, ijapokuwa neno hilo limo katika hesabu ya kale ya Tisa Taifa. Hapa tunapata kanuni ya kwanza: mwenye jina ndiye mwenye haki ya kusema jina lipi linamwudhi, si yule anayemwita.

Maneno yaliyo mazito kuliko hayo ni yale yaliyobaki kutokana na utumwa. Utumwa ulikomeshwa kisheria katika pwani hii mwaka 1907, lakini maneno "mtwana" na "kijakazi" hayakukomeshwa vinywani. Msichana aliyetoka Ganze au Kaloleni kuja kutupikia na kutulelea watoto huitwa kijakazi pale sufuria inapoungua. Yeye ni mtoto wa watu, ana jina alilopewa na wazazi wake, nasi tunalijua.

Na pale posa inapoletwa, mambo huwa makubwa zaidi. Kijana ana dini, ana tabia njema, ana kazi ya halali. Kisha mtu mmoja ananong'ona jikoni kuwa babu yake alikuwa mtumwa wa fulani, na posa inavunjika. Masuala ya kufu yana mlango wake katika fikihi, na walii ana haki ya kuuliza. Lakini kuuliza ni kitu, na kumtia mtu doa ni kitu kingine. Mnong'ono ule haufi na posa ile. Utawafuata dada zake na watoto wake. Tukumbuke kuwa Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaynab bint Jahsh, bibi mwenye nasaba tukufu, kwa Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru.

Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, kabla ya uchaguzi wa 2022, ilitoa orodha ya maneno ya chuki. Yalikuwamo "madoadoa" na "wabara waende kwao". Hilo la pili ni la kwetu pwani. Tunapolisema tufikiri: anayesimama nasi safu moja msikitini huenda kwao ni Machakos au Kakamega. Tunamtaka aende wapi?

Limebaki suala la maumbile. Kipofu, kiziwi, kiwete, kilema: maneno haya yana kiambishi ki-, kile kile cha kiti na kijiko. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa bila kudhalilishwa. Basi tuseme mtu asiyeona, mtu mwenye ulemavu, mtu mwenye ualbino. Atakayeuliza mbona wanavyuoni walimtaja mpokezi wa hadithi kwa lakabu ya al-A'raj, yaani kiguru, jawabu lake liko kwa Imam Nawawi. Ameruhusu kumtaja mtu kwa sifa kama hiyo pale anapojulikana kwayo, kwa nia ya kumtambulisha na si kumpunguza, na akasema ikiwezekana kumtambulisha kwa njia nyingine ni bora zaidi. Kwa kawaida inawezekana. Fundi Salim ni Fundi Salim, atembee kwa magongo asitembee.

Hatusemi watu wasitaje makabila yao. Mungu ametuumba mataifa na makabila ili tujuane, na Mdigo kuitwa Mdigo ni fahari yake. Wala hatusemi utani wa watani ufe. Tunachotaka ni kipimo kimoja chepesi ambacho kila mama anaweza kumfundisha mwanawe kabla hajaenda madrasa: jina unalolitaja mtu akiwa hayupo, je, waweza kumwita kwalo akiwa mbele yako, naye akaitika kwa furaha? Ikiwa huwezi, liache.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole hupona kwa wiki moja. Twamwomba Mwenyezi Mungu azitengeneze ndimi zetu na za watoto wetu, na awape subira waliojeruhiwa nazo. Wabillahi tawfiq.