Pikipiki, Hewa na Vumbi

Katika vituo vya pikipiki vya Korogwe na Handeni imeenea imani kwamba injini "iliyofunguliwa hewa" huwa na nguvu zaidi. Fundi huliondoa chujio la hewa, pengine hutoboa na bomba la moshi, na mwenye chombo huondoka ameridhika kabisa, maana mlio umekuwa mkubwa. Yafaa jambo hili lichunguzwe kwa kanuni za sayansi, kwa kuwa gharama yake si ndogo. Madereva wengi huendesha kwa mkataba: hulipa kila siku au kila wiki hadi chombo kiwe mali yao. Injini ikifa kabla ya mkataba kwisha, deni hubaki.

Petroli haiungui peke yake. Kilo moja huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue barabara. Lita moja ya petroli ina kilo 0.74 hivi, basi huhitaji karibu kilo 11 za hewa, yaani kama lita 9,000. Hayo ni mapipa 45 ya lita 200, kwa kila lita moja ya petroli! Hewa yote hiyo hupita katika koo jembamba la kabureta. Lami imekwisha kuziunganisha Korogwe na Handeni, lakini njia nyingi za kuingia vijijini ni za udongo, na wakati wa kiangazi dereva anayefuata lori huvuta vumbi tupu.

Vumbi hilo huwa na chembe za silika, ambazo ni ngumu kuliko chuma cha kusubu kinachotumika aghalabu kwa ukuta wa silinda. Chembe hizo hushikana na oili zikawa mfano wa msasa baina ya silinda na ringi za pistoni. Nafasi huongezeka, mgandamizo hupungua, oili hupanda juu ikaungua; ndio ule moshi wa buluu.

Je, nguvu haiongezeki hata kidogo? Chujio safi huizuia hewa kidogo mno; lililoziba ndilo linaloikaba injini. Anayeondoa chujio chafu huhisi tofauti ya kweli, ila angeipata ile ile kwa kuliosha. Tena kabureta ilipimwa pamoja na chujio lake. Likiondolewa, mvuto kwenye jeti hupungua, petroli huwa haba katika mchanganyiko, na injini hupata joto. Hapo fundi huitoboa jeti. Kutoka milimita 1.0 hadi 1.2 huonekana si kitu, lakini eneo la tundu hufuata mraba wa kipenyo: limeongezeka kwa asilimia 44. Petroli ya ziada huosha oili katika silinda. Plagi ndiyo shahidi: kahawia hafifu ni dalili njema, weupe ni uhaba wa petroli, masizi makavu ni wingi wake.

Chujio la sponji huoshwa kwa maji ya sabuni, likakaushwa, likapakwa oili kidogo na kukamuliwa. La karatasi halioshwi. Hung'utwa tu, na likichoka hubadilishwa.

Mwalimu aweza kulionyesha jambo hili darasani bila injini. Achukue vumbi la barabarani, alisugue baina ya vipande viwili vya kioo, kisha avifute na kuvielekeza dirishani, wanafunzi waihesabu mikwaruzo.