Majani Mengi Si Malisho Mema

Ndugu mkulima, ukisimama Shimanzi, kisiwani Mombasa, utaiona reli inayotoka upande wa bandari ya Kilindini kwenda bara. Reli hiyo ilianza kujengwa mwaka 1896, ikafika Ziwa Viktoria mwaka 1901. Kwa njia hiyo walipanda walowezi wa kwanza wa Bonde la Ufa, pamoja na mifugo yao kutoka ng'ambo.

Mmoja wao ni Lord Delamere. Alipewa eka 100,000 huko Njoro. Majani yalikuwa tele, lakini Wamasai, wenye ng'ombe wengi, walipaepuka mahali hapo. Yeye akaleta kondoo wa Merino na ng'ombe wa kigeni. Wengi walikonda, wakafa kwa maradhi. Baadaye ilijulikana kuwa udongo ule ulipungukiwa na madini. Akahamishia mifugo Soysambu, karibu na Ziwa Elmenteita, akaajiri Wamasai wamchungie. Na wakati ule ule, kwa mapatano ya 1904 na 1911, Wamasai walikuwa wakiondolewa katika malisho yao.

Basi wewe uliyepata shamba katika skimu, usidanganywe na ukijani. Kabla ya kununua ng'ombe wa gredi fanya haya: waulize wazee waliochunga hapo zamani, peleka udongo upimwe, uwape ng'ombe chumvi ya mifugo, waogeshe dawa ya kupe. Kumbuka, ng'ombe wa mkopo akifa, deni halifi.