Ntare wa Tano, Mwami wa Mwisho wa Burundi

Ntare wa Tano alikuwa mwami, yaani mfalme, wa mwisho wa Burundi, na enzi yake haikutimiza miezi mitano. Alizaliwa mwaka 1947 kwa jina la Charles Ndizeye, mtoto wa Mwambutsa wa Nne, aliyekalia kiti tangu 1915 na aliyekuwa bado mwami nchi ilipopata uhuru kutoka kwa Wabelgiji tarehe 1 Julai 1962.

Uhuru wenyewe uliikuta nchi matangani. Louis Rwagasore, ndugu yake Ndizeye kwa baba, alikiongoza chama cha UPRONA kushinda uchaguzi wa Septemba 1961. Mwezi uliofuata akapigwa risasi na kufa. Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, Mhutu, naye akauawa. Oktoba mwaka huo maafisa wa Kihutu wakajaribu kuipindua serikali, wakashindwa. Mwambutsa akakimbilia ng'ambo, na nguvu zikabaki mikononi mwa wanajeshi wa Kitutsi waliozima jaribio hilo.

Wanajeshi hao walimhitaji mtu wa ukoo wa kifalme. Tarehe 8 Julai 1966 Ndizeye alitangaza kumwondoa baba yake, akamteua Kapteni Michel Micombero kuwa waziri mkuu. Septemba Mosi alitawazwa Muramvya. Majina ya wami yalifuatana kwa zamu, Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa, hivyo zamu ilikuwa imerudi kwa Ntare. Alikuwa na miaka 18 na alitaka kutawala kweli, ilhali waliomweka walitaka jina lake tu. Hakuwa na jeshi, chama wala wazee wa baba yake wa kumtetea. Tarehe 28 Novemba, Ntare akiwa Kinshasa kwenye sherehe za mwaka mmoja wa utawala wa Mobutu wa Kongo, Micombero alitangaza jamhuri.

Mwaka huohuo, mwezi Mei, Uganda nayo ilikuwa imemng'oa Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda. Aliyeongoza shambulio la jumba lake la Mengo ni Idi Amin. Mwaka 1971, akiwa sasa rais, Amin aliruhusu mwili wa Mutesa urudishwe kutoka London uzikwe kwa heshima, na Waganda wengi wakamshukuru.

Huenda jambo hilo lilimpa Ntare imani. Machi 1972 alitoka Ujerumani Magharibi, alikokuwa uhamishoni, akaja Kampala. Micombero alimwandikia Amin akiahidi kwamba mfalme huyo wa zamani angeishi Burundi kama raia wa kawaida, bila kuguswa. Amin akamsafirisha kwa helikopta hadi Bujumbura. Alikamatwa mara alipofika, akashtakiwa kwa njama ya kuleta mamluki, akafungiwa Gitega. Aliyemkabidhi kwa ahadi ya karatasi hawezi kukwepa lawama.

Usiku wa 29 Aprili, siku uasi wa Wahutu ulipozuka kusini mwa nchi, Ntare aliuawa akiwa na miaka 24. Katika miezi iliyofuata jeshi liliwaua Wahutu wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 100,000, hasa wasomi na wanafunzi. Ufalme haukurejeshwa, Micombero alitawala hadi Novemba 1976, alipopinduliwa na Jean-Baptiste Bagaza.